Hodi za Asubuhi Ngarenaro

Rafiki yangu Anaeli,

Shikamoo. Najua unacheka. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja ulinidai shikamoo kwa sababu ulinizidi miezi michache, nami nikakunyima, nikikuambia kwamba kwetu Waarusha watu wa rika moja hawapeani vyeo vya bure. Sasa umenitangulia kweli na sina tena hoja. Ichukue.

Nakuandikia nikiwa kwenye kile chumba chetu cha Ngarenaro, juu ya karakana ya fundi wa mageti. Anachomelea tangu asubuhi, na kila akigusa chuma taa yangu inafifia kidogo, kama kawaida. Kiti chako kipo. Nimeweka boksi la nyaya juu yake. Si kwamba sina pa kuliweka, ila mtu akiingia humu hukikalia bila kuuliza, na mimi sipendi.

Nilitaka habari ya mashine uisikie kutoka kwangu. Nusura waizime. Bosi wetu Mzee Minja alikuwa ameshaagiza mtambo mpya, mafundi wa Dar walikuwa waje Jumatatu kuufunga, na hii mashine inayowagawia wateja mtandao, uliyoiunganisha kwa mikono yako, kipande kwa kipande, ilikuwa ikatupwe stoo pamoja na antena zilizovunjika. Alikuwa ameanza kuiita mashine ya marehemu. "Mashine ya marehemu imechoka, Nase." Mimi nilishakuzika mara moja, Anaeli. Sikuwa na nguvu ya kukuzika tena.

Nimejaribu kuwasimulia watu, na hakuna aliyenielewa. Dada yangu, yule ninayeishi naye Kimandolu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia chakula, akasema, "Pole na kazi." Alisema kwa upendo, lakini nilikula kile chakula nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia. Sikuwa nataka pole. Nilikuwa nataka mtu aniulize, "Dirisha gani?"

Unakumbuka tulivyoyapata yale maneno? Tulikuwa tunabishana kwa Kiingereza cha vitabu, na Kiingereza kilitufanya tuwe wapole mno, kila mtu anaogopa kukosea sarufi kuliko kukosea kazi. Siku moja ukapiga meza ukasema, "Nase, hebu tuongee kama watu." Neno kifurushi halikutufaa, maana mteja akisikia kifurushi anauliza ni cha siku au cha wiki. Basi kila kipande cha data kinachoingia kikawa mgeni. Kadi ya mtandao ikawa mapokezi yenye madirisha manane, kila dirisha na foleni yake, na nyuma ya kila dirisha mhudumu mmoja, yaani kimoja kati ya vichwa vinane ambavyo mashine hufikiria navyo. Mgeni akifika, kadi inampigia mhudumu hodi. Mhudumu anasema karibu, anampokea, anampeleka anakokwenda. Yote tuliyosomea tuliyabana kwenye hodi na karibu. Ilikuwa lugha yenye wasemaji wawili, na sasa ina mmoja.

Kanuni kubwa ulinifundisha wewe, ukichora kwa kidole kwenye vumbi la meza hii. Kadi haigawi wageni ovyo. Inaangalia mgeni katoka wapi na anakwenda wapi, inampangia dirisha, na mwenye safari ileile atapelekwa dirisha lilelile kila siku. Kwa hiyo wakilalamika wateja wote, tazama waya. Wakilalamika wachache, na ni walewale, tazama madirisha.

Waliolalamika walikuwa wachache, na walikuwa walewale.

Ilianza muda mfupi baada ya mazishi. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa kishindo, ukaunguza ile kadi ya zamani uliyokuwa ukiisifu kama ng'ombe wa maziwa. Nikatafuta mpya, yenye madirisha manane vilevile, nikaifunga, mashine ikawaka, nikaenda zangu nyumbani nikijiona fundi. Kesho yake simu zikaanza. Katibu muhtasi wa shule moja kule Kimandolu alikuwa anasoma barua pepe vizuri lakini mahudhurio ya wanafunzi hayatumiki. Muuza vipuri wa huku mtaani alikuwa anaona bidhaa za duka moja, za duka jingine hazifunguki.

Na mama yako. Ile antena tuliyomfungia juu ya bati kule Nkoaranga, mimi juu, wewe chini umeshika ngazi na kuniongoza kwa mdomo kwa sababu urefu unakutia kizunguzungu, ilikuwa inamletea mtandao kama siku zote. Alinipigia akasema, "Mwanangu, kwaya zinafunguka, lakini Ndeshi hafunguki." Tangu tulipokuzika, dada yako humpigia kwa video kila asubuhi kutoka Songea kabla hajaingia darasani kufundisha, mama akiwa amemaliza kukamua. Mara nyingi hawaongei. Wanatazamana tu, mama anashika simu mbali kidogo ili uso wote uonekane. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa inakwama.

Sasa sikiliza nilivyohangaika. Asubuhi nilikuwa kwa wateja, leo Terrat, kesho Kimandolu, kesho kutwa kwa mama, nikipanda mabati ya watu kukaza nyaya zisizo na kosa. Mchana nikirudi hapa na kuitazama mashine, naikuta imetulia. Wahudumu wote kazini, hodi zinapanda, hakuna mgeni anayetupwa. Nikaishuku draiva, ile programu inayofanya kadi na mashine zisikilizane. Nikaweka nyingine. Mchana ilifanya kazi vizuri, kwa sababu mchana kila kitu kilifanya kazi vizuri. Asubuhi simu zikaanza upya.

Mzee Minja hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa hapo mlangoni, akavua kofia, akasema, "Binti, hii kitu alikuwa anaijua mwenyewe. Tukubali." Anakuheshimu, usidhani. Ila ni mfanyabiashara, na wateja wake walikuwa wanaondoka. Nikamwomba anipe mpaka Jumatatu, akanipa.

Siku hiyo nilikutumia ujumbe. Usiniulize kwa nini. Niliandika, "Wachache, walewale, asubuhi tu. Nitazame wapi?" Tiki moja. Siku iliyofuata nikaandika tu, "Anaeli?" Tiki moja. Simu yako iko kwenye kabati la mama yako, imezimwa, na mimi ndiye niliyeiona ikiwekwa.

Ijumaa nikazima simu yangu mwenyewe. Nikasema wateja walalamike, leo siendi popote, nakaa na mashine asubuhi nzima. Nilifika fundi wa mageti akiwa bado anafagia. Nikaiuliza mashine kila dirisha limepigiwa hodi ngapi. Kwenye madirisha manne namba zilikuwa zinapanda. Kwenye manne mengine zilikuwa zimesimama palepale, kila nikiuliza. Nikaiuliza kadi yenyewe, maana kadi nayo ina hesabu yake, na kadi ikasema kwenye yale manne foleni zimejaa na wageni wanatupwa nje. Yaani wageni wamefika, wamepangwa kwa adabu zote, wamesimama kwenye foleni, na hakuna wa kuwaambia karibu. Nikawatafuta wahudumu wao. Wote wanne walikuwa wamelala. Hawakuwa wabovu. Kuna mtu aliyewaambia walale.

Nilibaki nimezikodolea macho zile namba. Chini kule redio ya fundi ikatangaza saa sita mchana, na mtangazaji hajamaliza kusalimia, namba zikatembea. Dirisha la tano, la sita, yote manne. Wahudumu wameamka wenyewe. Nilisema "karibu" kwa sauti, chumba kitupu, halafu nikaona haya.

Nikafungua ratiba ya kazi za mashine, nikaikuta amri yako. Uliiandika kutoka Nkoaranga, zile wiki umeme ulipokuwa unakatika kila usiku na betri hazifiki asubuhi. Wateja wakilala, wahudumu wanne nao walale, betri ipumue. Wateja wakiamka, nao waamke. Wazo zuri, la kwako kabisa. Ila saa ya kulala uliandika 4, na saa ya kuamka uliandika 12.

Uliandika saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi kama tunavyozitamka sisi. Lakini mashine huanza kuhesabu katikati ya usiku. Kwake 4 ni saa kumi ya alfajiri na 12 ni saa sita ya mchana. Ulikuwa umewalaza nusu ya wahudumu kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, ndio hasa wakati watu wanapoamka na kumiminika mlangoni. Kadi ya zamani ilikufichia aibu, kwa sababu mhudumu akilala, draiva yake ilihamishia hodi kwa mwenzake aliye macho, na hakuna mteja aliyejua. Hii mpya kila hodi ina mwenyewe. Mwenyewe akilala hodi inanyamaza, na kadi haijui, inaendelea kumpangia wageni.

Nilicheka. Wewe, uliyekuwa ukinipigia kelele kila tukiandika ratiba, "Nase, geuza saa kwanza, mashine haijazaliwa Meru." Kisha nikaacha kucheka. Nikawaza, mtu kama huyu hawezi kukosea hivi akiwa na akili zake. Nikakuona umelala huko, homa imepanda, unaweweseka, vidole vinaandika bila wewe. Mimi uliniambia umepanda kumsaidia mama kuchuma kahawa, kumbe unaumwa. Kila jibu lako lilikuwa na utani ndani yake, nami nikaamini kahawa. Nilikukasirikia sana. Nilikugombeza hapahapa, nikikitazama kiti chenye boksi, mpaka fundi wa mageti akaita kutoka chini, "Dada, kwema huko?" Nikamwambia kwema.

Nikaisimamisha amri yako ili kwanza nione asubuhi itakuwaje, na Jumamosi nikapanda Nkoaranga.

Mama alikuwa ameshakamua. Nilifika saa nne asubuhi, akanipa maziwa, akaniuliza habari za dada yangu, tukampigia Ndeshi. Alifunguka, bila kukwama. Wakaanza kutazamana kama kawaida yao, na mimi, nisiwaingilie, nikageuza uso ukutani. Ukutani kuna saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, si kwenye kumi kama saa nyingine zote.

Nilidhani imekufa. Kisha nikasikia inagonga. Walipoagana nikamuuliza mama, akanishangaa. "Saa iko sawa, mwanangu. Jua likitoka, mishale yote iko juu, kumi na mbili. Baba yao aliiweka hivyo, nami sijui nyingine." Nikamuuliza kitanda chako kilikuwa wapi mwishoni. Akanionyesha pale chini ya dirisha la sebule, mkabala na ukuta ule. Akasema hukupotewa na fahamu hata siku moja, kwamba asubuhi ile ya mwisho ulimuuliza kama ng'ombe amepewa maji.

Basi hukuwa unaweweseka. Ulikuwa umelala kwenu, unaitazama saa uliyojifunzia kusoma saa, ukaandika ulichokiona. Sijui kwa nini jambo hili limeniondolea jiwe kifuani, lakini limeniondolea. Nilimweleza mama yote, hodi na madirisha na wahudumu, na unajua alielewa mara moja. Alisema, "Kumbe kazi yenu ilikuwa kupokea wageni." Ndiye mtu wa kwanza tangu uondoke aliyenijibu kwa lugha yetu. Kisha akaburuta kiti, anataka kupanda aigeuze saa, kama ndiyo iliyoleta matatizo. Nilimshika mkono. Nilimwambia saa haina kosa, mama, iache.

Nilirudi nikiwa na nia ya kufuta namba zako niandike 22 na 6. Vidole vilikataa. Kwenye hiyo mashine mistari mingi ni yako, lakini hiyo ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo sikuigusa. Juu yake nimeongeza mstari wangu mmoja unaoiambia mashine kwamba kwa amri hii peke yake isome saa iliyo mbele kwa saa sita. Ukipiga hesabu, 4 yako inaangukia saa nne usiku na 12 yako saa kumi na mbili asubuhi, kama ulivyotaka. Kwa mujibu wa mashine, mama yako sasa anaishi Japani, walikotutangulia kwa saa hizo sita.

Nimeongeza na jambo la pili. Kabla wahudumu hawajalala, kadi huambiwa kwanza iyafunge madirisha yao, na wageni wapelekwe kwa walio macho. Wakiamka, yafunguliwe.

Hilo la pili ndilo lililokushinda wewe mwenyewe, na hapa sikutanii. Ulilala bila kunifungia dirisha. Hukuniambia, "Nase, mimi naondoka, maswali yako mpelekee mwingine." Nimeendelea kukupangia kila kitu: kadi iliyoungua, utani nilioudaka mtaani, hata siku dada aliponiuliza kama nimekula. Vyote vimekwenda kwenye foleni yako na vimejaa, na nilipokosa jibu nilijiona mimi ndiye mbovu.

Jumatatu Mzee Minja alikuja mapema. Alimpigia katibu muhtasi, akampigia muuza vipuri, kila mmoja akamwambia shwari. Akaniuliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia draiva ya kadi mpya haikuwa inahamisha hodi za waliolala. Ni kweli tupu, ila si yote. Yaliyobaki ni yako, yangu na ya mama. Alikuna kichwa, akasema, "Basi mashine ya Anaeli ikae." Alikutaja jina. Akawapigia mafundi wa Dar wasije, akaenda zake mjini. Ushindi wenyewe niliula peke yangu, na chapati ya kule chini, nikikumbuka jinsi ulivyokuwa unaimega yangu ukiwa na yako mkononi.

Betri zinafika asubuhi siku hizi. Ndeshi anafunguka. Nami bado naingia humu nikikaribia kusema, "Umeona?" halafu namalizia na ukuta. Sikudanganyi kwamba nimezoea.

Jumamosi hii napanda tena kwa mama, na barua hii nitaikunja niiweke kaburini kwako, chini ya jiwe, migomba ikuzibie upepo. Nakuahidi mama ataendelea kumwona Ndeshi kila asubuhi kadiri nitakavyoweza kushika bisibisi. Mstari wako hautafutwa nikiwa hapa. Na leo nikitoka nitalishusha lile boksi la nyaya kwenye kiti chako. Atakayeingia, akae.

Unaijua adabu ya kwetu. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa haingii wala hanung'uniki, anajua wenyeji hawapo, anaondoka kwa amani. "Nitazame wapi?" ilikuwa hodi ya kwanza. "Anaeli?" ilikuwa ya pili.

Hodi, rafiki yangu. Nasubiri kidogo hapa mlangoni, kisha nakwenda.

Nase